Hedseti ya bei nafuu: muulize anayekusikiliza

Leo tuongee kuhusu hivi vidubwasha vya kuvaa sikioni, hedseti zisizo na waya. Nimetumia moja kwa wiki tatu sasa, na kwa kazi moja tu: kupiga na kupokea simu. Niliinunua kwa shilingi 1,400 Luthuli Avenue hapa Nairobi. Jina lake sitalitaja, maana kwa bei hii visanduku hubadilishwa jina kila uchao ilhali vya ndani ni vile vile.

Maoni yangu nayatoa mapema. Hedseti ya simu haipimwi kwa masikio ya aliyeivaa. Inapimwa kwa masikio ya mtu wa upande wa pili, na huyo ndiye ambaye muuzaji hamtaji kabisa.

Dukani mambo huenda hivi. Muuzaji anaiunganisha na simu yake, anakuwekea wimbo wenye besi nzito, wewe unatikisa kichwa, unatoa pesa. Umesikiliza muziki lakini hujaongea hata neno moja. Ni kama kununua jembe kwa kutazama mpini.

Ubaya ni kwamba muziki na simu havipiti njia moja. Unaposikiliza wimbo kwa Bluetooth, hedseti hutumia utaratibu uitwao A2DP. Hapo sauti husafiri upande mmoja tu, kutoka kwa simu hadi sikioni, na ubora wake ni mzuri. Simu ikiingia, hedseti inahamia utaratibu mwingine, HFP, ambao unabeba sauti pande zote mbili kwa wakati mmoja, na nafasi inakuwa finyu. Kodeki ya zamani ya HFP, inayoitwa CVSD, huchukua sampuli za sauti mara 8,000 kwa sekunde. Ndiyo maana wimbo ukikatizwa na simu, mtu anasikika kana kwamba anaongea kupitia bomba. Mwaka 2011 toleo la HFP 1.6 lilileta kodeki ya mSBC, ambayo huchukua sampuli 16,000 kwa sekunde, na tofauti inasikika wazi. Lakini ili uipate, hedseti yako, simu yako, mtandao na simu ya mwenzako lazima vyote vikubali sauti pana. Kimoja kikikataa, nyote mnarudi kwenye sauti nyembamba.

Sauti nyembamba ina hasara gani? Herufi S na F hutofautishwa zaidi na masafa ya juu, ambayo ndiyo yanayokatwa kwanza. "Sisi" inageuka "fisi". Katika porojo za kawaida ubongo unajaza pengo lenyewe. Lakini jaribu kumsomea mtu nambari ya uthibitisho ya M-Pesa, ile ya herufi na tarakimu 10 zilizochanganywa. Hapo hakuna cha kubahatisha.

Nikaifanya hiyo kuwa kipimo changu. Nilimpa dada yangu kalamu na karatasi, nikampigia na kumsomea nambari 10 nilizobuni za aina hiyo. Nilipokuwa sebuleni, madirisha yamefungwa, aliandika 9 sawasawa. Nilipokuwa Tom Mboya Street saa kumi na moja jioni, alipata 4. "Kaka, huyo makanga namsikia vizuri kuliko wewe," akaniambia. Nikazima hedseti, nikashika simu sikioni pale pale nilipokuwa nimesimama, akapata 9. Mwisho nikachomeka hedseti ya waya ya shilingi 300, ile yenye kipaza sauti kinachoning'inia karibu na kidevu. Akapata 8.

Angalia hapo. Kitu cha shilingi 300 kimekishinda cha 1,400 kwa kazi ile ile, na sababu yake ni umbali. Kipaza sauti cha kidubwasha hiki kiko sikioni, mbali na mdomo. Kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti yako inapungua kwa desibeli 6 hivi. Honi ya matatu haipungui, maana inatoka huko nje na kufika kila mahali karibu sawa. Kwa hiyo kipaza sauti kinapokea wewe kidogo na barabara nyingi.

Sasa tuje kwenye maandishi ya kisanduku. Changu kiliandikwa ANC, ENC na Bluetooth 5.3, yote kwa rangi ya dhahabu. ANC inapunguza makelele yanayoingia masikioni mwako wewe. Haimsaidii mtu unayeongea naye. ENC ndiyo inayopaswa kumsaidia, lakini kwa kawaida inahitaji angalau vipaza sauti viwili, ili hedseti ilinganishe sauti ya mdomo na ya mazingira. Tafuta matundu yake. Ukiona tundu moja tu, nenda polepole na ahadi hiyo. Na hiyo 5.3 ni toleo la Bluetooth la mwaka 2021. Nambari ya toleo haikuambii kipaza sauti ni kizuri au kibovu, kwa hiyo usiongeze hata shilingi 200 kwa ajili yake.

Je, hedseti hii haina faida? Inayo. Nikiwa nyumbani naandika programu huku naongea na mteja, mikono yangu iko huru na sauti inatosha. Chaji inanitosha siku nzima ya kazi. Ilikuwa ikikatika-katika mwanzoni, mpaka nilipoihamisha simu kwenye mfuko wa upande ule ule wa sikio. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na mwili wa binadamu, ambao sehemu kubwa ni maji, huyanyonya mawimbi hayo. Simu ikiwa mfuko wa nyuma kushoto na hedseti sikio la kulia, mwili wako ni ukuta.

Ninayemwonea huruma ni mwenzetu ambaye kazi yake iko barabarani: fundi, mwenye kibanda, mtu wa kupeleka mizigo. Kwake shilingi 1,400 si mchezo. Akimwambia mteja "elfu tano" na sauti ikakatika baada ya "ta", mteja atasikia tatu, maana ndiyo inayompendeza. Ugomvi utakuja wakati wa kulipa, na atakayeonekana tapeli si hedseti. Huyu namshauri achukue ya waya ikiwa simu yake bado ina tundu, kama simu nyingi za bei nafuu. Akitaka isiyo na waya, atafute ile ya sikio moja yenye mkono unaoelekea mdomoni. Haipendezi kama vile vya vijana, lakini inaongea. Na akiwa juu ya pikipiki, asimame kwanza. Mikono kuwa huru hakuna maana kwamba akili iko barabarani.

Kwa hivyo ukienda dukani, fanya hivi. Kabla ya kulipa, iunganishe na simu yako mwenyewe, si ya muuzaji. Toka mlangoni, kwenye makelele, umpigie mtu na umsomee nambari 3 za kubuni. Usitegemee programu ya kurekodi, kwa sababu nyingi zinaendelea kutumia kipaza sauti cha simu hata hedseti ikiwa imeunganishwa. Akizirudia sawa, lipa. Muuzaji akikukatalia, amekwisha kukujibu. Maduka ni mengi na hiyo ni simu ya dakika mbili tu.

Uamuzi wangu: kwa anayeongea akiwa ndani ya nyumba au ofisi tulivu, shilingi 1,400 si hasara. Kwa wa barabarani, hapana. Mimi yangu nabaki nayo, lakini nikitoka nje naiweka mfukoni.