Salopeti ya mgodi inafuliwa na nani?

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama mnaofula salopeti zetu kila siku ya yenga, leo tutaanza mbali kidogo, kwenye viwanda vya chakula. Mgodi utafuata.

Huko Ulaya, katika viwanda vingi vya maziwa, nyama na biskuti, mfanyakazi hanunui tena nguo ya kazi na haipeleki kwake. Patroni anaikodi kwa kampuni ingine ambayo kazi yake ni nguo tu. Elis ya Ufaransa, ile iliyonunua Berendsen ya Uingereza mwaka 2017, ni moja ya hizo. Kila mtu anahesabiwa kama nguo tatu: moja mwilini, moja kwenye kabati, moja kwenye kufuliwa. Gari linakuja, linachukua chafu, linaacha safi, na iliyopasuka inarudi imeshonwa. Patroni akiwa na viwanda kumi, vyote vinavaa namna moja. Hakuna mfuko wa nje, hakuna kifungo cha kuangukia ndani ya chakula, na upande wa nyama mbichi unavaa rangi yake, upande wa nyama iliyopikwa rangi yake.

Si urembo. Ni juu ya mikrobi. Mfanyakazi akifulia nguo nyumbani, nani anajua ilifuliwa na maji gani? Kanuni ya hospitali za Uingereza inataka mashuka yafuliwe kwa maji ya nyuzi 65 kwa dakika 10, ama nyuzi 71 kwa dakika 3. Sisi hapa Uvira, nani atachemsha maji hivyo kwa makala, na bei ya makala tunaijua? Tunafulia Mulongwe, tunafulia Kalimabenge, tunafulia ziwani, na kolera inatutembelea karibu kila mwaka. Siku kiwanda cha sukari cha Kiliba, kilichosimama na vita vya 1996, kitaamka kweli, ile habari ya nguo itakuwa swali la kwanza la sendika yake.

Lakini angalieni vizuri ile hesabu. Kiwanda cha chakula kinafula nguo ili uchafu wa nyumbani usiingie kazini. Kwetu wachimbaji hatari inatembea njia ya kinyume: uchafu wa kazini unaingia nyumbani. Na hapo hatuoni gari la kuja kuchukua nguo chafu.

Tumeishi hayo. Kampuni moja tuliyoifanyia kazi ilikuwa inatoa salopeti moja kwa mwaka. Jikoni kwenye kambi, wapishi walikuwa wanavaa nguo nyeupe inayofuliwa palepale. Sisi tulishuka na ile salopeti moja, tukapanda nayo kwenye kamio, tukafika nayo nyumbani, mtoto akaturukia kifuani kabla hatujavua. Kesho yake bibi aliikung'uta kwanza mlangoni ili sabuni isipotee bure. Ile vumbi nyeupe iliyoruka pale mlangoni, yeye ndiye aliivuta.

Vumbi la jiwe la dhahabu liko na silika, ile inayokausha mapafu na kufungulia kifua kikuu mlango. Wale wanaochoma zebaki, ile tunaita merkiri, wanaibeba kwenye nguo pia. Wamama wetu twangaise wa Kamituga wanakula vumbi mara mbili, kwenye kutwanga na kwenye kufula. Na tusiseme ni maneno ya kuogopesha watu. Mwaka 2010 huko Zamfara, Nigeria, mawe ya dhahabu yaliyochanganyika na risasi yalisagwa kwenye vijiji, ndani ya nyua za watu, na watoto zaidi ya 400 wakakufa na sumu. Wazungu nao walipata somo lao na amiante: wanawake ambao hawakuingia kiwandani hata siku moja walipata kansa juu ya kufula nguo za mabwana zao. Marekani ikatunga mwaka 1992 sheria ya kulinda familia za wafanyakazi kwa sababu ya mambo ya namna hiyo.

Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza nao walikuwa wanarudi nyumbani weusi tii, na mke ndiye aliyechemsha maji. Sheria ya 1926 ilikata pesa kwa wenye ardhi, kwenye malipo waliyopata kwa makaa, ili zijengwe bafu kwenye mdomo wa mgodi. Muangalie nani alilipa. Kwa kujenga zile bafu, mushahara wa mchimbaji haukuguswa.

Na sheria yetu? Kodi ya kazi, ile sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 oktoba 2002, inamwambia patroni aangalie kazi ifanyike katika hali inayofaa kwa usalama, afya na heshima ya mfanyakazi. Mapatano namba 155 ya Shirika la Kazi la Kimataifa yanasema wazi, kifungu cha 21, kwamba hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi hata kidogo. Tangu juni 2022 mapatano hayo yamewekwa kati ya yale ya msingi, maana yake kila nchi memba inapaswa kuheshimu kanuni zake hata kama haijatia sahihi. Mapatano namba 176 ya mwaka 1995, yale ya migodi yenyewe, yanataka mahali pa kuoga, pa kubadilisha nguo na pa kula. Sabuni ya bibi yako haimo kwenye sheria yoyote.

Basi, nguo ya kukodi na kufuliwa na patroni tunaitaka. Lakini tusiipokee macho yakiwa yamefungwa, juu tunaona mitego.

Mtego mkubwa ni maji machafu. Mikrobi inakufa na moto. Silika haifi, zebaki haifi, zinatoka tu kwenye nguo na kuingia kwenye maji. Kama fulio la kampuni linamwaga mtoni, tumehamisha sumu kutoka mlangoni kwetu mpaka ziwani, kwa ndagala na mikeke tunayokula sisi wenyewe. Lazima kuwe na mashimo ya kutuliza maji, na mtu wa kuyapima. Bila hiyo tusipige makofi.

Halafu mfuko. Kwenye biskuti, nguo bila mfuko inalinda chakula. Kwenye dhahabu, nguo bila mfuko inasema wewe ni mwizi. Hatukatai kabisa, lakini tuweke mahali pa kuweka simu na vitambulisho, na kupekuliwa kufanyike kwa heshima.

Halafu watu wa sutretansi. Mara nyingi wao wanapewa rangi yao, na ile rangi inakuja na mushahara mdogo na nguo mbovu. Vumbi haliulizi kontra yako ni ya nani. Kama ni kuvaa namna moja, tuvae wote.

Kuna wanaosema pesa itoke kwenye ile asilimia 0,3 ya mauzo ambayo Kodi ya migodi ya 2018 inaiwekea jamii. Hapana. Ile ni ya shule, maji na barabara za vijiji. Kufula salopeti ni gharama ya kutoa dhahabu, kama vile mafuta ya mashine.

Wamama wanaoishi kwa kufulia watu nguo wametuuliza wao watakula wapi. Wako na haki ya kuuliza. Jibu letu ni kwamba fulio likijengwa, waandikwe wao kwanza, na kontra, glovu na masiki, si kuleta watu toka mbali.

Wakreuseur ndio shida inabaki, kwa sababu hawana patroni, wako na PDG wa shimo na kooperative. Kwa sasa tunawaomba kitu kidogo: nguo ya shimo ibaki shimoni, kuwe na bidoni za maji na kibanda cha kubadilishia, na isikung'utwe kavu, ilowekwe kwanza. Kooperative inakata sehemu kwa kila mfuko wa mawe. Ijenge kile kibanda na ile pesa.

Madelege wanaoingia kwenye mazungumzo waanze kwa kuuliza mambo matatu: nguo ngapi kwa mtu, nani analipa, na maji ya kufulia yanaishia wapi. Jibu lije kwa maandishi, na muhuri.