MAONI: Kabla ya kununua mche barabarani, uliza kwao ni wapi

Mvua zikikaribia, vitalu vya kando ya barabara hujaa wateja. Pita Ngong Road au Kiambu Road uone vijana wanavyopanga miche tangu alfajiri. Mteja anayetaka mmea wa kufunika udongo ulio wazi mbele ya nyumba huuliza maswali mawili tu: ni pesa ngapi, na inashika haraka? Akijibiwa vizuri, analipa na kwenda zake.

Sisi tunasema kuna swali la tatu, na ndilo lenye uzito. Mmea huu kwao ni wapi, na ni nani atakula hapa?

Tusidanganyane, kufunika udongo ni jambo jema. Udongo ulio uchi hukauka upesi jua likiwaka, na mvua ikinyesha unasombwa hadi kwenye mitaro. Shida ni kile tunachoufunikia. Wenye uwezo wanamwaga kabro kila mahali. Wengine wanapanda nyasi na kuzikata kila wiki, zisipate hata nafasi ya kuchanua. Na wengi wetu tunabeba ule mmea unaotambaa wenye maua ya manjano, Sphagneticola trilobata, au ule wa majani yenye milia ya fedha na zambarau, Tradescantia zebrina. Yote miwili asili yake ni bara la Amerika. Inapendeza, hakuna ubishi. Lakini kipande kidogo tu kikitupwa kwenye mtaro au kando ya mto kinatoa mizizi, kinaenea, na kufinya mimea mingine yote.

Hadithi hii tunaijua. Gugumaji lilienezwa duniani na watu waliopenda ua lake la zambarau. Waulize wavuvi wa Ziwa Victoria upande wa Kisumu na Homa Bay ua hilo limewagharimu nini. Lantana nayo ilisambazwa kama pambo na ua wa nyumba. Leo imevamia malisho ya mifugo.

Ati nyuki hawabagui maua? Ni kweli, nyuki atatua hata kwenye ua la kigeni akipata mbochi. Lakini kipepeo ana mahitaji mawili: ua la kunywa, na jani ambalo kiwavi wake anaweza kula. Viwavi wengi huchagua sana, na wamezoea mimea waliyoishi nayo miaka na mikaka. Ukipanda ua la kigeni pekee, umefungua hoteli isiyo na chakula cha watoto.

Basi tupande nini? Anza na tikini, Asystasia gangetica. Pwani watu huuchuma kama mboga. Unatambaa, unavumilia kivuli kidogo, una maua meupe yanayopendwa na nyuki, na majani yake ni chakula cha viwavi wa vipepeo kadhaa. Mwingine ni ule ambao Wakikuyu huuita mukengeria, Commelina benghalensis, ambao wengi wetu tulitumwa kuukata kuwalisha sungura. Ua lake la buluu hufunguka asubuhi na kujifunga jua likipanda, na nyuki huwahi chavua yake mapema. Jamani, mmea tunaong'oa bure kila msimu ndio huo tunaokwenda kuutafutia mbadala kwa pesa!

Hata hivyo, tuseme ukweli wote. Mukengeria ni msumbufu shambani, kwa hivyo usiupande karibu na sukuma wiki zako. Na tikini huohuo, ulipofika Australia na Malaysia, uligeuka gugu sugu. Ndiyo maana swali letu si kama mmea ni mzuri au mbaya. Swali ni kama uko kwao.

Kuupata hakuhitaji pesa nyingi. Omba jirani au shangazi kijijini akukatie vipande vya sentimita kumi au kumi na tano, vyenye vifundo. Fukia vifundo viwili, acha nafasi ya futi moja kati ya kipande na kipande, na upande mvua zikianza, Machi au Oktoba. Palilia mpaka vishikane. Kama huna uhakika ni mmea gani, Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi yana hebaria yenye wataalamu wa kutambua mimea. Ila usiende kung'oa msituni. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza kutoa mimea katika msitu wa umma bila kibali, na hakuna maana ya kubomoa makao ya vipepeo ili kuyajenga mlangoni pako.

Najua mama atasema majani yataleta nyoka. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Acha nafasi iliyofagiwa mlangoni na kando ya njia, punguza mimea ikirefuka, na kila mtu atalala salama.

Kwa vijana wenye vitalu, hapa kuna kazi. Wateja hununua wanachokiona, na mimea asili inayotambaa ni nadra kuionea kwenye meza zenu. Tenga hata safu moja. Andika jina la mmea na asili yake kwenye kibao, mteja ajue anachobeba.

Serikali imejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, na tunaunga mkono. Lakini si kila mtu ana nafasi ya mti. Kwenye ploti za Pipeline au Githurai, pengine una ndoo mbili na kipande cha ardhi kisichotosha godoro. Hapo mti hauingii. Tikini unaingia.