Ile picha yangu mliipeleka wapi?

Leo viuatilifu vya pamba tuviweke pembeni kidogo, tuzungumzie hizi asasi zinazokuja vijijini kwetu na kamera.

Kama unaishi Kishapu, Kahama au huku Geita, ratiba unaijua. Gari linafika, watu wanaitwa, wanasaini mahudhurio, picha zinapigwa, soda, kwaheri. Baada ya hapo hadithi ya kijiji inasafiri kwenda kwa wachangiaji Ulaya na Marekani, na kijijini hairudi hata nakala moja. Mama mmoja kwenye kata ninayofanyia kazi aliniuliza mbele za watu: "Bwana shamba, ile picha yangu mliipeleka wapi?" Nimjibu nini? Si mimi niliyepiga, na shirika lenyewe lilishafunga mradi. Siku hizi nikiitisha mafunzo ya mbegu pale, akina mama wanaangalia kwanza kama nimeshika simu.

Sisemi asasi zinyamaze. Bila kusimulia, hakuna atakayechangia wala kiongozi atakayeshtuka. Chukua suala la zebaki. Agosti 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu Tanzania, ikiwemo huku kwetu Geita na Kahama. Haikuishia kwenye "inasikitisha". Ilieleza mtoto anavyoshika zebaki kwa mikono na kuvuta moshi wake inapochomwa, kisha ikasema nani afanye nini: serikali, wafadhili, wanunuzi wa dhahabu. Oktoba mwaka huohuo Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, na 2020 ikauridhia. Sidai ripoti moja ndiyo iliyoleta hayo, mkataba ulishajadiliwa miaka kadhaa. Ila kampeni inayotaja jambo moja linalotakiwa kufanywa humpa msomaji pa kushika.

Shida ni kwamba mzazi wa Nyarugusu hajaisoma ile ripoti. Mahindi yakikauka anakwenda mwaloni kuchenjua, na mtoto anamfuata. Kampeni iliyomfikia waziri bila kumfikia huyu mzazi bado iko njiani.

Hapa ndipo ninapowakumbusha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga. Haikuwa asasi ya hisani, ulikuwa mradi wa serikali kwa msaada wa Norway na utaalamu wa ICRAF, kuanzia 1986 hadi 2004. Lakini kwa kuwavuta watu, sijaona wa kuufikia. Mkoa ulikuwa umekwisha: miti ilikatwa kuua mbung'o, ikakatwa tena kupisha pamba, ng'ombe wakamalizia. Mwalimu Nyerere aliuita jangwa la Tanzania. Na Shinyanga ya wakati ule ilikuwa kubwa, Bukombe ambayo leo ni Geita ilikuwa ndani yake, Maswa na Meatu pia.

HASHI hawakuanza na picha za ng'ombe waliokufa. Walianza na ngitili, kitu ambacho kila Msukuma alikijua kwa babu yake: unafunga eneo la malisho mvua zikianza, unalifungua kiangazi. Wakaonyesha filamu na maigizo vijijini, wakakaa kwenye mikutano. Sheria ndogo zikapitishwa na dagashida, sungusungu wakazilinda. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa zilikuwa kama hekta 600. Mradi unakwisha zilishapita 300,000, katika vijiji 833. Mwaka 2002 wakapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Yaani hadithi iliyosomwa huko nje ilikuwa ileile ambayo wenye ngitili walikuwa wanaisimulia wenyewe, tena kwa Kisukuma.

Kwa hiyo ninyi wa asasi, mnaposema "wanaotuunga mkono", mwanakijiji yumo kwenye hiyo hesabu au yeye ni wa kupigwa picha tu? Kama yumo, mrudishieni habari. Mlichangisha kwa ajili ya kisima, semeni kwenye mkutano wa hadhara zilipatikana ngapi, zimefanya nini, na kilichoshindikana. Radio Faraja ipo Shinyanga, Storm FM ipo Geita, hakuna kisingizio cha umbali. Na msije Desemba watu wakiwa wanapalilia halafu mkaandika kwamba mwitikio ni mdogo! Njooni baada ya mavuno, wakati wagika na wagalu wanacheza ngoma na uwanja unajaa wenyewe bila posho.

Kuhusu picha, siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ridhaa maana yake mtu ameelewa picha inakwenda wapi na anaweza kukataa bila kukosa mbegu. Saini ya mahudhurio siyo ridhaa.

Nanyi wakulima, gari likija ulizeni kabla ya kupanga mstari: hadithi yetu mtamwambia nani, mnamtaka afanye nini, na mtarudi lini kutuambia alichofanya? Mwenyekiti ayaandike majibu kwenye muhtasari wa mkutano, na nakala ibaki ofisi ya kijiji.

Wiki ijayo tunarudi kwenye viwavijeshi.