Heri Asingiziwaye kwa Uongo



Hakuna mwamini asiyelijua fundisho la Bwana juu ya mlima, kwamba wana heri wale watukanwao na kunenewa mabaya kwa ajili yake. Fundisho hilo limewafariji Wakristo tangu zama za Mitume. Lakini tunapolikariri katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, twaelekea kuliruka sharti aliloliandika Mathayo: mabaya hayo yawe yamenenwa kwa uongo. Pasipo sharti hilo, kila anayelaumiwa angejihesabu kuwa shahidi wa dini.

Mtume Petro alilitambua jambo hili. Katika Waraka wake wa kwanza, sura ya 4, anawaonya waamini wasiteswe kwa kuwa wauaji, wezi au watu wanaojiingiza katika mambo ya wengine. Bali mtu akiteswa kwa kuwa ni Mkristo, asione haya. Kwa hiyo mhazini wa kigango anayeulizwa hesabu za michango, naye akajibu kwamba Shetani amewainua watu wampige vita, bado hajajibu swali. Na afungue daftari kwanza.

Waandishi wa Kanisa la mwanzo waliposingiziwa hawakuishia kulalamika, bali walidai ushahidi. Mwaka 64 mji wa Roma uliteketea kwa moto, na Kaisari Nero akawatwisha Wakristo hatia hiyo. Karibu mwaka 155 Mtakatifu Yustino alimwandikia Kaisari Antonino Pio akiomba Wakristo wahukumiwe kwa matendo yao, wala si kwa jina lao tu. Yapata mwaka 197 Tertuliano wa Karthago, Mwafrika wa Kaskazini, alionyesha jinsi kila balaa, iwe mafuriko, ukame, njaa au tauni, ilivyokuwa sababu ya umati kudai Wakristo watupwe kwa simba. Naye Mtakatifu Augustino, baada ya Roma kutekwa mwaka 410, iliwabidi kuandika kitabu kikubwa kuwajibu waliosema kwamba mji ulianguka kwa sababu miungu ya kale iliachwa.

Waandishi hao walitambua kwamba balaa hutafuta mtu wa kubebeshwa, na mara nyingi humwangukia asiye na mtetezi. Walijua pia kwamba jina la Kigiriki ambalo Agano Jipya humwitia Ibilisi maana yake ni msingiziaji. Asingiziaye, basi, anaifanya kazi ya huyo mwenye jina.

Ng'ambo ya ziwa letu, huko Buganda, Mtakatifu Yosefu Mukasa Balikuddembe alimkemea Kabaka Mwanga kwa ajili ya kuuawa kwa Askofu Mwanglikana James Hannington, mwezi Oktoba 1885. Kabaka alipougua baada ya kunywa dawa aliyopewa na Padre Lourdel, Yosefu alituhumiwa kwamba alishiriki njama ya kumlisha sumu. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Mwaka 1964 Kanisa lilimtangaza mtakatifu pamoja na wenzake 21. Kumbe shahidi wa kwanza kati ya hao tunaowaomba watuombee aliuawa akiwa na tuhuma ya sumu.

Ndugu, tuhuma kama hiyo si ngeni masikioni mwetu. Mtumbwi ukizama, mtoto akifa kwa malaria, ng'ombe wakikonda, hutafutwa jina la mtu. Kwa miaka mingi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga vikongwe wamekatwa mapanga kwa neno la mpiga ramli, na macho yao mekundu yamefanywa ushahidi, ingawa wekundu huo umetokana na moshi wa jikoni walipopikia wajukuu maisha yao yote. Mara nyingine nyuma ya neno la ramli kuna shamba la mjane linalotamaniwa na jamaa.

Wapo watakaosema kwamba vikongwe hao hawateswi kwa ajili ya Kristo. Wasome tena sura ya 25 ya Mathayo: atendewalo mdogo, atendewa Yeye. Wapo pia watakaosema kwamba uchawi upo. Hata mwenye kusadiki hivyo hakupewa ruhusa ya kulivunja agizo la tano wala la nane. Tukidai kwamba sisi tusihukumiwe kwa uvumi, hatuwezi kumhukumu jirani kwa uvumi.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo viongozi wa Walei wanapopimwa. Jina la kikongwe linapotajwa msibani, mwenyekiti wa Jumuiya aulize papo hapo, mbele ya watu: nani ameona nini? Asipopatikana shahidi, neno hilo likomee pale. Kisha wanajumuiya waende kwa mama huyo, wasali naye, wapange zamu ya kulala kwake, na mtendaji wa kijiji apewe taarifa siku hiyo hiyo. Huenda wafiwa wakakasirika, na huenda mwenyekiti mwenyewe akaambiwa kwamba anawatetea wachawi. Hilo litakuwa singizio la kweli, na heri yake. Afadhali achukiwe kwa swali hilo kuliko kuitwa juma lijalo kuongoza mazishi ya pili.