Neno la Mhariri: Mgeni wa Kwanza wa Shamba la Chai

Mfaranyaki, hapa Songea, hakuna shamba la chai. Tunalisema hilo mwanzoni kwa sababu mipango mingi ya utalii wa kusini huharibika kwa kujipamba na visivyokuwepo. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, wa kahawa ya Mbinga, wa tumbaku ya Namtumbo na korosho za Tunduru. Chai iko kwa majirani zetu wa Njombe, mwendo wa kilomita zaidi ya 200 kwa barabara ya Makambako. Huko ndiko Kibena, Luponde na Lupembe, na mbele zaidi Mufindi.

Hata hivyo toleo hili tumelitoa kwa chai. Songea nzima inaamka nayo, ya rangi au ya maziwa, pamoja na chapati, vitumbua au muhogo wa kuchemsha. Lakini ni wangapi kati yetu wameliona jani lenyewe likichumwa? Mabasi yetu hupita Njombe kila siku, abiria wamefunga madirisha kwa baridi, na hakuna anayeshuka kwa ajili ya chai.

Hoja yetu ni moja: utalii wa chai wa Nyanda za Juu Kusini ujengwe kwanza kwa Mtanzania, na mchumaji awe mwenyeji wake anayelipwa, asifanywe pambo la picha za wageni.

Huo ni utalii wa utamaduni, na kwa huo hatuanzi na ukurasa mtupu. Programu ya nchi yetu ilianza katikati ya miaka ya 1990, kwa ushirikiano wa Bodi ya Utalii na shirika la Kiholanzi la SNV. Leo Materuni, chini ya Kilimanjaro, mgeni hutwanga kahawa yake mwenyewe huku wenyeji wakiimba. Unguja, mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi yamekuwa sehemu ya safari ya wageni wengi. Limuru nchini Kenya, shamba la Kiambethu hupokea wageni kwa matembezi, maelezo na chakula cha mchana. Na ng'ambo ya Ziwa Nyasa, kule Thyolo, shamba la Satemwa lililoanzishwa mwaka 1923 huketisha wageni wake mbele ya safu ya vikombe waonje chai moja baada ya nyingine. Malawi ni jirani yetu wa ziwa moja. Kinachowezekana Thyolo kinawezekana Njombe.

Kuonja huko kunastahili kuelezwa, maana ndiko kiini cha jambo. Muonjaji hupima majani kwa mizani ndogo, humimina maji yaliyotoka kuchemka, huacha dakika tano au sita, kisha hutia chai kwenye bakuli jeupe ili aione rangi yake. Halafu huivuta kutoka kijikoni kwa mvumo mkubwa, hewa na chai vienee kinywani pamoja, kisha huitema na kwenda bakuli linalofuata. Hakuna sukari, hakuna tangawizi. Hapo ndipo mtu hugundua kwamba chai ya mvua na chai ya kiangazi haziko sawa, na kwamba baridi ya Njombe ina kazi yake: jani linalokua taratibu hubeba harufu zaidi. Kabla ya hapo mgeni apitishwe kiwandani aone majani yakinyaushwa, yakikatwakatwa, yakiachwa yageuke kutoka kijani hadi rangi ya shaba, yakikaushwa na kuchekechwa kwa madaraja. Kisha arudi kwenye mchaichai wa nyuma ya nyumba yake na kwenye iliki na mdalasini anavyovijua, avionje kwa ulimi mpya.

Nchi hii imeuza chai kwa magunia bila kuionja. Kwa miaka mingi chai yetu ya mnadani ilipitia Mombasa. Mnada wa Dar es Salaam ulianza mwaka 2023 tu. Sehemu kubwa huchanganywa ng'ambo na chai za nchi nyingine, na jina la mahali ilikotoka hupotea njiani. Mnunuzi asiyelijua jina la Luponde hawezi kuiulizia chai yake dukani.

Tuna sababu nyingine ya kulibeba jambo hili tukiwa Songea. Wajerumani waliijaribu chai Amani na Rungwe mwanzoni mwa karne ya 20, katika miaka ileile ambayo kilimo cha pamba cha kulazimishwa kiliwasha Vita vya Majimaji. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wetu walinyongwa hapa Songea. Baadaye vijana wa Ungoni walikwenda manamba katika mashamba makubwa ya mbali, hasa ya mkonge wa Tanga. Historia ya mashamba ni historia ya babu zetu. Ziara ya chai inayoonyesha vilima vya kijani na kunyamaza juu ya jasho hilo, au juu ya wakulima wadogo ambao miaka ya karibuni wamelalamikia malipo ya majani kuchelewa, hatutaiunga mkono.

Kalenda nayo inatusaidia. Februari, watu wanapomiminika Songea kwa kumbukumbu ya Majimaji, ni katikati ya mvua. Chai huchipua kwa wingi na viwanda vina majani. Miezi ya kiangazi, chai inapopungua, ndiyo ya mavuno ya kahawa Mbinga, katikati ya ngoro, mashimo ya kilimo ya Wamatengo. Makumbusho ya Majimaji, chai ya Njombe na kahawa ya Mbinga vinaweza kuwa safari za mwaka mmoja.

Tunawaomba wenye mashamba wa Njombe watenge siku ya wageni kila wiki kwa kiingilio ambacho mwalimu wa Songea anakimudu, na fungu la wachumaji litajwe wazi kwenye risiti. Tunawaomba wenye mabasi waweke kituo. Nawe msomaji, ukipita Njombe Februari hii, shuka.