Tuchukue ndoo, taa tuwaachie wasio na jua

Mwenye simu katika miji yetu ameshaziona picha hizo: rafu za saladi na mrehani ndani ya chumba, taa za rangi ya zambarau, hakuna udongo wala jembe, na chini yake bei ya seti nzima. Kijana wa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam aliyemaliza chuo na hana ajira anaambiwa kuwa hiki ndicho kilimo cha kesho, na kwamba chumba kimoja kinatosha kumtoa. Wapo wanaofikiria kukopa ili wainunue. Kabla hawajatia saini, yafaa kutenganisha kinachotufaa katika seti ile na kilichobuniwa kwa shida za watu wengine.

Kukuza mimea kwenye maji si ushirikina wala si jambo jipya. William Gericke wa Chuo Kikuu cha California ndiye aliyelieneza jina la haidroponiki mwaka 1937, na hapa kwetu mashamba ya maua ya Naivasha hukuza waridi kwenye kokoto nyepesi za volkano na vumbi la makumbi ya nazi, huku mbolea ikipitishwa ndani ya maji. Mmea hauulizi udongo uko wapi. Unataka maji, hewa kwenye mizizi, madini yake na mwanga.

Tatizo ni huo mwanga. Mita moja ya mraba ya saladi chumbani inahitaji taa ya wati 100 hivi, iwake saa 16 kwa siku. Hizo ni uniti 1.6 za umeme kila siku, yaani 48 kwa mwezi, kwa saladi ishirini na kitu. Tanzania mteja mdogo hupata bei nafuu akitumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Taa hiyo moja imeshakula zaidi ya nusu kabla mama hajawasha friji. Kenya ngazi ya chini kabisa ya bei inaishia uniti 30, na Uganda uniti 15. Huko taa peke yake inamtoa mwananchi kwenye nafuu aliyowekewa na serikali yake. Na tunalipa ili kupata kitu ambacho sisi tunaokaa karibu na ikweta tunakipata bure kwa saa 12 hivi kila siku, mwaka mzima.

Wenye mitaji mikubwa wameshapigika kwenye jambo hili. Nchini Marekani, kampuni ya AeroFarms iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Juni 2023. Bowery Farming ilifunga milango mwishoni mwa 2024, na Plenty nayo ikakimbilia mahakamani Machi 2025. Hizi hazikuwa kampuni za mtaani. Zilichangiwa mamia ya mamilioni ya dola. Dubai shamba la ndani la Bustanica, lililofunguliwa 2022, lina sababu yake: jangwa, maji ya kuchujwa chumvi baharini, na ndege za Emirates zinazohitaji saladi kila siku. Sababu hizo Mwanza haina. Bujumbura pia haina.

Hesabu iliyo wazi zaidi ilifanywa na watafiti wa Arizona na kuchapishwa mwaka 2015. Walikokotoa kuwa kilo moja ya saladi shambani hutumia lita 250 za maji, na kwa haidroponiki lita 20 tu. Hapo ndipo wauzaji wa seti huishia kusoma. Wakiendelea watakuta kwamba nishati ilipanda kutoka kilojuli 1,100 hadi 90,000 kwa kilo, sawa na uniti 25 za umeme. Sehemu kubwa ilikwenda kupasha joto na kupoza banda, na kiasi kikubwa cha iliyobaki kwenye taa. Pampu za kuzungusha maji hazikufika hata asilimia moja. Maana yake, kinachookoa maji na kinachokula umeme ni vitu viwili tofauti, na anayeuziwa vyote ndani ya boksi moja ana haki ya kuomba vitenganishwe.

Hatusemi taa hazina kazi Afrika Mashariki. Zipo mahali zinapojilipa, nako ni kwenye mbegu. Mche safi wa viazi mviringo huanzia maabara, ndani ya chupa, kwenye rafu zenye taa. Baadaye huhamishiwa kwenye masanduku ya giza ambamo mizizi inaning'inia na kunyunyiziwa ukungu wa maji yenye madini, kama ilivyofanywa Tigoni nchini Kenya na Musanze nchini Rwanda. Mche mmoja hutoa makumi ya viazi vidogo vya mbegu, badala ya vitano hadi kumi vya njia ya zamani, na mbegu hiyo ikizalishwa misimu kadhaa humfikia mkulima ikiwa haina mnyauko. Umeme wa namna hiyo unalipa. Lakini hata huko, ukikatika bila jenereta, mizizi hukauka kwa muda mfupi. Wa kukata umeme sisi tunawajua.

Kwa mboga za kawaida, jambo kubwa ni usalama wa chakula cha mjini. Sehemu ya mchicha unaoliwa Dar es Salaam hutoka kandokando ya Mto Msimbazi, na tafiti zimekuta humo madini mazito ya viwandani. Nairobi ipo sukuma wiki inayonyweshwa maji taka. Kampala wapo wanaolima kwenye kinamasi cha Nakivubo, yanakopita maji machafu ya jiji. Anayelima pale halimi kwa ubaya. Ndipo kuna maji na ardhi isiyolipiwa kodi. Familia yenye ndoo kumi za mboga barazani, kwenye jua la Mungu na maji ya bomba, imejipunguzia hatari hiyo kwa kiasi fulani. Rwanda ilishahimiza bustani ya jikoni, akarima k'igikoni, na Kibera wamelima kwenye magunia kwa miaka. Ndoo ni hatua moja mbele ya gunia, hasa pale maji yanaponunuliwa kwa dumu.

Njia rahisi isiyo na pampu ilielezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Ndoo yenye mfuniko, tundu la kushika mche, maji yenye mbolea. Mmea ukinywa, maji hushuka na mizizi ya juu inabaki kwenye hewa. Saladi, dania (ambayo ndugu zetu Watanzania huiita giligilani) na mchicha hukubali. Ndoo iwe isiyopitisha mwanga, la sivyo ukijani hujaa ndani. Mombasa na Dar es Salaam iwekwe kivulini nyakati za mchana, kwa sababu maji yakichemka jua mizizi huoza. Maji ya kisima chenye chumvi ya Pwani hayafai. Na mfuniko uzibwe sawasawa: mji uliokumbwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019 hauhitaji maelfu ya ndoo za kufugia mbu.

Baada ya hapo mkulima anakwama kwenye mbolea, na kukwama huku ndiko kunakoihusu Jumuiya. Anakwenda dukani, anauziwa CAN au yurea kwa sababu ndizo zilizopo. Yurea kwenye maji matupu haina wadudu wa udongoni wa kuigeuza iwe chakula cha mmea. CAN ina chokaa isiyoyeyuka. Anachohitaji ni naitreti ya kalsiamu, salfeti ya magnesiamu, na mchanganyiko wenye potasiamu, fosforasi na madini madogo. Naitreti ya kalsiamu huja kwa mfuko wa kilo 25, wa kumfaa mwenye shamba la maua. Mwenye ndoo kumi za lita kumi anahitaji gramu 100 hivi kwa mzao mmoja. Mfuko huo ungemtosha mizao 250. Basi anapimiwa kwenye karatasi isiyo na jina, bila kuelezwa kwamba akiikoroga nzito pamoja na ile salfeti, vitaganda kuwa unga mweupe chini ya chombo na mmea utakufa njaa.

Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatoa misamaha kwa pembejeo za kilimo. Mwenye wakala wa forodha anaijua na kuitumia. Mwenye ndoo hanufaiki, kwa sababu yeye ananunua rejareja, na mfanyabiashara wa Kigali au Bukavu anayetaka kufungasha pakiti za kilo moja na kuziuza ng'ambo ya mpaka anakuta kila nchi ina usajili wake wa mbolea, ada yake na lebo yake.

Mawaziri wa kilimo wa nchi wanane wanachama hawahitaji mfuko mpya kwa hili, wala ziara ya kwenda kuona rafu za zambarau ughaibuni. Wakubaliane kwamba pakiti ndogo ya mbolea ya maji ikisajiliwa nchi moja itambuliwe na nyingine zote. Na lebo iwe kwa Kiswahili, ambacho tayari ni lugha rasmi ya Jumuiya: gramu ngapi kwa lita, kipi kiyeyushwe kwanza, kipi kisichanganywe na kipi, na maji ya ndoo ya zamani yamwagwe wapi.