Betri Haina Kosa: Hoja ya Kufundisha Umeme kwa Kutafuta Hitilafu

Mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeiandika kanuni ya Ohm bila kusita, akakokotoa mkondo na ukinzani wa saketi aliyochorewa ubaoni, huhesabiwa na walimu wake kuwa ameufahamu umeme. Mwanafunzi huyo huyo apelekwe Mchikichini, jijini Dar es Salaam, kwenye gereji za kando ya barabara baina ya Kariakoo na Ilala, aonyeshwe gari kuukuu lililokataa kuwaka asubuhi hiyo, kisha aulizwe tatizo ni nini. Aghalabu atanyamaza, au atatoa jibu lile lile ambalo mpita njia yeyote angelitoa: betri imekufa. Maarifa anayo, asichokuwa nacho ni utaratibu wa kuuliza maswali. Naamini kwamba utaratibu huo unafundishika, kwamba gari kuukuu ni zana bora ya kuufundishia, na kwamba vyuo vya ualimu havina budi kuwaandaa walimu wa fizikia na wa ufundi kwa kazi hiyo.

Tusidhani kuwa jambo hili ni la darasani tu. Mchikichini ndiko liliko Soko la Karume, na wengi wa wafanyabiashara wake walilazimika kuanza upya baada ya soko hilo kuungua Januari 2022. Kwa mtu wa namna hiyo, mwenye pikapu ya zamani ya kubebea marobota ya mitumba, asubuhi moja ya gari kugoma ni hasara ya siku nzima. Anaambiwa anunue betri. Anainunua, gari linawaka, fundi anashukuriwa na kulipwa. Baada ya siku mbili tatu ugonjwa umerudi. Sababu yake ni nyepesi kueleza: betri mpya huja ikiwa imekwisha kujazwa chaji, kwa hiyo huweza kulihudumia gari kwa muda hata kama alteneta hairudishi kitu. Tiba imeuficha ugonjwa. Mtaji umekwenda, na kilichoharibika huenda ni mkanda uliolegea au kaboni za alteneta zilizokwisha, vitu ambavyo bei yake haiikaribii kabisa bei ya betri.

Katika gereji hizo hizo utasikia pia hoja ya upande wa pili, nayo inastahili kuchambuliwa kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna somo zima. Dereva husema: taa zinawaka vizuri, honi inalia, basi betri na waya zake ni nzima, kilichokufa ni stata. Hoja hiyo ina sura ya mantiki, na mwalimu asiikemee. Aandike hesabu ubaoni. Taa mbili kubwa za mbele, za wati 55 kila moja, katika mfumo wa volti 12 hutumia ampea 9 hivi. Stata ya gari dogo huweza kuvuta ampea 150, pengine zaidi. Sasa tuchukulie kuwa kwenye kichwa cha betri umeota ule ukoga mweupe tunaoufahamu sote, na kwamba umeleta ukinzani wa omu 0.02 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haiwezi hata kukisoma kwa uhakika. Taa zikiwashwa, volti zinazopotea hapo ni 9 mara 0.02, yaani 0.18, hakuna jicho litakaloona tofauti. Stata ikijaribu kuvuta ampea zake, zinazopotea ni 150 mara 0.02, yaani volti 3 kamili. Ukoga ni ule ule na ukinzani ni ule ule. Taa zinang'ara, na stata inatoa mlio mmoja na kunyamaza. Dawa yake ni maji ya moto, brashi ya waya na kukaza nati. Sijui mfano mwingine wa kanuni ya Ohm unaompa mwanafunzi sababu nzuri kuliko huo ya kuijali kanuni yenyewe, na ninastaajabu kuwa vitabu vyetu vinashughulika zaidi na saketi ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzihitaji.

Utaratibu wa kupima hauna ugumu. Betri ya asidi na risasi ina seli sita, na kila moja hutoa volti 2.1 hivi, kwa hiyo betri iliyojaa, baada ya kupumzika usiku kucha, husomeka 12.6. Ikisomeka 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imekaribia kuisha. Kama gari limetoka kuendeshwa, taa kubwa ziwashwe dakika moja au mbili kisha zizimwe, ili chaji ya juujuu iondoke, vinginevyo mita itatoa ushahidi wa uongo. Kisha stata ipigwe huku mita ikitazamwa: volti zikizama chini ya 9.6, betri ni dhaifu au haina chaji. Hapa mwalimu atue, kwa kuwa wanafunzi hudhani 12.6 ni cheti cha uzima. Volti ni kama kimo cha maji pipani; hazikuambii pipa ni pana kiasi gani. Betri iliyochoka huweza kuonyesha kimo kizuri ikiwa imetulia, na kuporomoka mara inapopewa kazi. Mwisho injini iwashwe. Volti zipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Zikibaki 12 na ushei, alteneta hairudishi chaji. Zikipita 15, kidhibiti volti kimeharibika na betri inachemshwa. Mwenye gari anayeongeza maji ya betri kila wiki asililaumu joto la Dar es Salaam peke yake.

Ipo desturi moja ambayo walimu tunapaswa kuipinga waziwazi. Injini ikiwa inaunguruma, fundi hukichomoa kichwa kimoja cha betri. Injini isipozimika, alteneta husemwa ni nzima. Lakini betri ndiyo inayozituliza volti za mfumo mzima. Ikiondolewa ghafla, volti huruka juu na huweza kuziunguza dayodi za alteneta pamoja na kidhibiti chake. Kipimo hicho humuua mgonjwa, tena hakitoi namba yoyote ya kuandika daftarini. Vijana hukirithi kwa kutazama, na hakuna anayewaambia sababu ya kukiacha.

Nisieleweke kuwa nawadharau mafundi. Fundi mzoefu husikiliza mlio wa stata, hugusa waya kuona kama umepata joto, na kabla ya kuwasha injini hutazama ile taa ndogo ya betri kwenye deshibodi. Kwani isipowaka ufunguo unapofunguliwa, alteneta nyingi za zamani hukosa umeme wa kuanzia kazi. Hayo ni maarifa ya kweli, ila hayasemwi, na mwanagenzi huyaokota kwa miaka. Mwalimu aliyekwenda chuo ana uwezo wa kuyapa maneno na mpangilio. Maneno yenyewe yako tayari kwa Kiswahili: betri haishiki chaji, moto haufiki, waya umekatikia ndani. Mwanafunzi wetu wa sekondari, anayesoma fizikia kwa Kiingereza, mara nyingi hamaliki kutambua kuwa alichokikariri kwa jina geni ndicho fundi anachokisema mtaani kwake.

Tangu waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa 1967 tumezoea kudhani kuwa kazi katika shule maana yake ni jembe. Gereji nayo ni shamba. Shule isiyo na gari itosheke na betri iliyotumika, balbu ya taa kubwa, nyaya na mita moja ya Kariakoo; iliyo na gari bovu uani imebahatika. Kabla ya kipindi mwalimu afiche hitilafu moja: kipande cha karatasi kati ya nguzo ya betri na kishikio chake, mkanda uliolegezwa, fyuzi iliyotolewa. Kisha iwepo sharti moja tu. Mwanafunzi asiguse spana wala mita kabla ya kuandika anatazamia kusoma nini na, akisoma vingine, atageukia wapi. Sharti hilo ndilo somo lenyewe. Kundi litakalobahatisha kwa kubadilisha kifaa likapatia, lipewe alama chache kuliko kundi lililokosea kwa utaratibu.

Kuna watakaosema kuwa magari ya sasa yana kompyuta inayopandisha na kushusha volti za chaji kwa makusudi, hivyo namba nilizozitaja zitampotosha mwanafunzi. Ni kweli kwamba hazifai kwa kila gari. Ndiyo maana nasisitiza gari kuukuu, ambalo sababu na tokeo vinaonekana kwa macho. Anayeshindwa hapo hataokolewa na kompyuta. Jambo zito zaidi ni usalama. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, asidi yake huunguza macho na ngozi, na spana ikigusa nguzo zote mbili huwa nyekundu kama kaa. Pete na saa zivuliwe, sigara isikaribie, ndoo ya maji iwe karibu. Mwalimu asiyeweza kulisimamia hilo aahirishe kipindi.

Hata hivyo hakuna mbinu itakayodumu ikiwa mtihani hauitaki. Maswali ya umeme yawe na sura nyingine. Mtahiniwa aelezwe kuwa gari limelala usiku na betri yake inasomeka 12.5, stata ikipigwa inashuka hadi 10.8; injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa inasomeka 12.1, mkanda umekaza. Mwenye gari amekwisha kutoa fedha za betri mpya. Mtahiniwa aseme apime wapi sasa, kwenye betri au kwenye nguzo ya alteneta, na aeleze atahukumu nini akikuta 14.2 hapo, na nini akikuta 12.1.